Nyungu ya Vifaranga

Juzi asubuhi nilikuwa Mwanjelwa, nimejibanza kwenye kibanda cha chai, nasubiri manyunyu yakatike ili niende kwenye kibarua cha kushusha viazi. Unaijua baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, ile inayokufuata hadi ndani ya soksi. Kando yangu alikuwa mama mmoja muuza vifaranga. Alikuwa amepanga maboksi yake juu ya meza, yale ya karatasi ngumu yenye matundu ya duara ubavuni. Kijana mmoja, nadhani kwa huruma tu, akaokota gunia akayafunika yasilowe. Yule mama akageuka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"We kaka, toa hilo gunia. Unataka kuniulia watoto?"

"Wanalowa, mama."

"Waache walowe. Hayo matundu unadhani ni urembo?"

Watu wakacheka, kijana akatoa gunia huku naye akicheka. Mimi niliinama nikaweka sikio kwenye tundu mojawapo. Mle ndani kulikuwa na vurugu ya kawaida ya vifaranga, sauti nyembamba mia zinazogombana, na katikati yake nikasikia kidogo ile nyingine: chafya kavu, fupi, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti. Chai yangu ikapoa mkononi. Nilikuwa nimesharudi Iringa, Mlandege, kwenye nyumba ya bibi yangu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu kwenye pembe. Nyuma kulikuwa na migomba na ghala dogo la udongo ambalo zamani lilihifadhi mahindi. Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba. Baba alikwishafariki, mama akaolewa mbali, nikabaki na bibi. Asubuhi aliniamsha kwa kunivuta kidole gumba cha mguu. "Amka, mume wangu, wanaume wenzako wako shambani." Nilifagia uwanja, nikachota maji bombani, nikarudi nikakuta uji wa ulezi umeshika ngozi juu. Jumamosi mchana kwaya ya Kilutheri ilifanya mazoezi upande wa pili wa barabara, nasi tulichambua maharage kwa mapigo yao. Kande zake zilichemka tangu asubuhi, na moshi wa kuni za mkaratusi ulikaa kwenye nguo zangu hata shuleni. Mwalimu alikuwa akisema ananijua kwa pua kabla hajaniona kwa macho. Nisingependa kukudanganya kwamba tulikuwa na raha kubwa. Lakini nimelala sehemu nyingi tangu siku hizo, na sijapata tena mahali ambapo usingizi unanijua jina.

Baba mdogo, mtoto wa mwisho wa bibi, alikuwa na duka la vyombo hapa hapa Mwanjelwa. Mwaka mmoja alikuja Pasaka, akamkuta bibi anatembea ameshika ukuta. Miguu ilikuwa imeanza kumsaliti. Baada ya kula akavuta kigoda.

"Mama, twende Mbeya. Hapa unakaa na nani?"

"Nakaa na mume wangu huyu."

"Huyo mume hata masikio hajui kuosha."

"Na wewe ulipokuwa rika lake ulikuwa unajua? Mimi ndiye niliyekuosha."

Baba mdogo alicheka, lakini hakuacha. Alisema nyumba itapangishwa, bibi atapata chumba chake chenye joto, hospitali iko karibu. Alikuwa anampenda mama yake, hilo naomba ulikumbuke mpaka mwisho. Bibi alikuna kisigino chake kwa gunzi. Kisha akasema, "Niletee vifaranga. Unadhani siwezi kitu tena. Nikivikuza vikataga, niache nife kwangu. Vikifa, njoo na gari, nitapanda mwenyewe, hakuna wa kunishika mkono."

Wakakubaliana hivyo, kwa mzaha wa mama na mtoto, lakini kwao neno likishatoka limetoka. Mimi hakuna aliyenieleza lolote. Nilisikia jikoni, nilipokuwa nasugua sufuria, kwamba kwa baba mdogo hakuna nafasi ya mtoto mwingine. Nitapelekwa kwa shangazi, Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu. Kwa hiyo boksi lilipoletwa na basi kutoka Mbeya, wengine waliona vifaranga. Mimi niliona nyumba yetu iko mle ndani inapiga kelele.

Bibi alifungua kifuniko taratibu akawaambia, "Kamwene," kama anavyowaamkia wageni wa heshima. Walikuwa wa njano wote, wana midomo laini. Kila kimoja alikichovya mdomo kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari, akakiweka kwenye maranda niliyobeba kutoka kwa mafundi seremala. Ghala likawa chumba chao. Katikati tuliweka chungu cha mkaa, na mlangoni bibi akatundika blanketi lake la zamani.

Alikuwa na msemo wake: "Huku kwetu njaa inakubishia hodi, baridi haibishi." Alikuwa amezika watoto wawili wachanga katika miezi ya baridi, wote kwa kifua, na msemo huo hakuuokota njiani. Kazi yangu basi ikawa kuwinda matundu. Niliingia ghalani, nikafunga mlango, nikasimama gizani nikitafuta nyuzi za mwanga: chini ya bati, kwenye nyufa za udongo, pale dirisha lilipoachana na fremu. Kila nilipouona mwanga niliuziba. Nilitumia matambara, sandarusi, udongo uliokandwa na majani. Bibi alisimama nje akiuliza, "Bado unaona?" Nami nikajibu, "Naona hapa." Mpaka siku nilipojibu, "Sioni kitu, Bibi," akapiga makofi.

Mwanzo walistawi. Waliota vinyoya vidogo kwenye mabawa, wakaanza kukimbizana. Bibi aliacha kushika ukuta. Kwa kweli aliacha, niliona kwa macho yangu, akawa anatembea katikati ya uwanja na bakuli la pumba kama msichana anayepeleka chakula shambani. Halafu baridi yenyewe ikashuka, ile ya upepo unaotoka milimani bila mvua. Tukaongeza mkaa. Na asubuhi moja, nikiwa nawabadilishia maji, nikasikia kijiti cha kiberiti kikivunjika.

Kesho yake vilivunjika vijiti vingi. Walipiga chafya, wakakoroma kifuani, wengine macho yakatoa povu. Walinyoosha shingo na kufunua midomo kama wanaotaka kuimba, na wimbo hautoki. Bibi alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akawasikiliza kama mtu asikilizaye habari za msiba redioni.

Kulikuwa na jambo moja nililoliona na sikulielewa. Kila nilipoinua blanketi, niliwakuta wamejazana mlangoni. Hawakuwa kwenye chungu cha mkaa kulikokuwa na joto. Walikuwa kwenye kizingiti, wamepandana, vichwa vimeelekezwa kwenye ule mwanya wa chini ya mlango ambamo upepo ulipenya. Mimi ni mtu wa kuuliza, tangu utoto nimekuwa hivyo, mwalimu alikuwa akinichapa kwa kuuliza. Nikauliza, "Bibi, mbona wanakaa penye baridi?"

Uso wake ukalainika. "Vinanitafuta, mume wangu. Vinajua mama yao anatokea hapo."

Akakunja gunia akalibana chini ya mlango, ili wakimsubiri wasipigwe na upepo.

Tulijaribu kila kitu. Kitunguu saumu kwenye maji, pilipili kichaa, shubiri iliyogeuza maji kuwa machungu hata mimi nilipoonja nikatema. Duka la dawa za mifugo walitupa unga wa njano, maji yakawa kama fanta, vifo vikaendelea. Jirani yetu, mama mmoja mshona nguo aliyekuwa na simu, alimwambia bibi amwite bwana mifugo. Bibi akakataa. Pikipiki ya bwana mifugo ikisimama getini, mtaa mzima unajua, na mtaa ukijua Mbeya inajua.

Na Mbeya ilikuwa inapiga. Baba mdogo alipiga kupitia simu ya jirani huyo huyo, nasi tukaenda kibarazani kwake, bibi ameshika simu mbali na sikio kama inamuunguza.

"Mama, vifaranga vinaendeleaje?"

"Vinakula kuliko wewe."

"Vimekuwa vikubwa?"

"Ukija utapiga hodi kwao kwanza."

Jirani alikuwa amefinya midomo juu ya cherehani yake ili asicheke wala asilie. Bibi akamrudishia simu. Jirani akamshika mikono.

"Mama, mafua ni mafua. Wewe kifua kikikubana unafanyaje?"

"Napiga nyungu."

"Basi."

Nadhani jirani alisema tu ili aseme kitu. Lakini bibi alisimama pale pale. Nilimwona akisimama, na ule unyoofu wa mgongo wake ulinitia matumaini ambayo hadi leo yananiumiza nikiyakumbuka.

Nyungu unaijua. Majani yanachemshwa, mgonjwa anakaa na sufuria ndani ya blanketi, anavuta mvuke mpaka jasho limtoke na kifua kiachie. Huku kwetu hakuna asiyewahi kufunikwa. Nikatumwa majani. Nilikwea mikaratusi ya kando ya barabara, nikakata mchaichai kwa jirani, nikaomba majani ya limau kanisani. Bibi alichemsha sufuria kubwa ya misiba, ile ya kupikia wageni, tukaibeba wawili, kila mmoja mpini wake, tukaiingiza ghalani. Akafunga mlango, akashusha blanketi, akaongeza shuka juu yake. Sisi pia tulibaki ndani, kwa sababu bibi alisema mgonjwa hafunikwi peke yake, ataogopa.

Akafunua sufuria. Mvuke ulipanda hadi kwenye bati ukaanza kudondoka. Sikuona mkono wangu. Harufu ya mkaratusi ilipasua pua, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, kali, ya mkojo wa siku nyingi, iliyochoma macho. Nilisikia bibi akisali Baba Yetu, akifika "utupe leo" anakohoa. Vifaranga walipiga kelele, kisha sauti zikapungua, zikapungua tena, kukawa kimya.

"Unasikia?" akaninong'oneza. "Vimetulia."

Tulitoka tumelowa, vichwa vinagonga. Mimi nilitapika kwenye migomba, bibi akasema ugonjwa umenitoka hata mimi niliyekuwa mzima. Mchana tulipofungua, waliotulia karibu na ukuta walikuwa wametulia kabisa.

Ungedhani tungeacha. Hatukuacha, kwa sababu wengine walikuwa bado hai na bibi aliamini hao ndio waliookolewa na nyungu. Tukapiga asubuhi, tukapiga alasiri. Maranda yalilowa yakawa kama uji, sikuwa na mengine makavu ya kuweka. Nilipoingia, machozi yalinitoka kabla sijaona wa kulilia. Jirani alichungulia juu ya ukuta akaona sufuria inapita.

"Mama, mmeanza kupika supu hata hawajakua?"

Siku nyingine yoyote tungecheka. Bibi alimtazama tu, jirani akashuka, na jioni akaleta maboga.

Wafu wake hakutaka watupwe kwenye shimo la taka. Nilichimba nyuma ya migomba, naye alisimama juu yangu akisema niende chini zaidi, mbwa wasifukue. Nilimwona siku moja ameshika kifaranga mkononi chenye pua iliyoziba kabisa, kinahangaika. Akainama akaweka mdomo wake juu ya kile kimdomo, akanyonya yale makamasi akatema, kama mama anavyomnyonya mtoto mchanga pua. Akafanya tena. Kilipumua mara chache, kikafia kwenye kiganja. Bibi hakulia. Alijifuta mdomo kwa pindo la khanga akasema, "Nipe kingine."

Kimoja kilipona. Kilikuwa kimelala tayari, shingo imelegea, naye akakiweka kifuani ndani ya khanga akatoka nacho nje, maana alikuwa na maharage ya kupukuchua na hakutaka kukiacha. Kutwa nzima alikaa nacho uwanjani, upepo unavuma, kichwa chake kikichungulia kwenye shingo ya gauni. Jioni kikaanza kulia. Bibi akasema ni joto la kifua chake. Akajaribu kuwabeba wengine, lakini walikuwa wamebaki wachache sana, na wote walikuwa wa kuondoka.

Baba mdogo alikuja baridi ilipokuwa inaisha, bibi mwenyewe alipomwita, na gari la kuazima. Alikuta ghala liko wazi, limefagiwa, na kifaranga kimoja kirefu chenye miguu ya njano kinamfuata bibi kila aendapo. Alitazama migomba, akatazama ule udongo uliofukuliwa.

"Mama, tunaweza kuongea."

"Tulishaongea."

"Kimoja kimebaki. Hicho nacho si kifaranga?"

"Nilisema vifaranga."

Bibi alikuwa ameshafunga mzigo wake, kitanda akampa jirani. Akatembea hadi kwenye gari, hakushika ukuta, hakushika mkono wa mtu. Pale mlangoni mwa gari mguu ulikataa kupanda, akauinua kwa mikono yake yote miwili kama anavyoinua ndoo, akauingiza. Kisha akaniita. "Mume wangu, chukua huyo. Jua la huko Mbuyuni litamfaa." Tulimweka kwenye boksi lile lile alilokuja nalo, lenye matundu, nikapanda nalo basi la kushuka bondeni. Alikua akawa jogoo mweupe mwenye kelele. Shangazi alimchinja wageni walipokuja, na sikumlaumu, kwa sababu kwake alikuwa jogoo tu.

Shule niliiachia Mbuyuni, kati ya vitunguu na nyanya. Nikafuata lori hadi Makambako, nikapasua mbao Mafinga, nikachuma chai Mufindi, nikaondoka kila mahali kabla hawajanizoea. Mtu akiniuliza natafuta nini, namjibu kwamba napenda kuona jinsi vitu vinavyofanywa. Ni kweli, ila si yote. Miaka mingi baadaye nikapata kibarua cha kufagia banda la kuku Uyole, huku Mbeya. Asubuhi ya kwanza kulikuwa na barafu kwenye majani, nami kwa bidii ya mgeni nikashusha mapazia yote vifaranga wasipigwe baridi. Mwenye banda aliingia, akasimama, akavuta pumzi, akayapandisha tena juu moja moja.

"Macho hayakuwashi?"

"Yanawasha."

"Wao wanalala chini kabisa, penye hiyo harufu. Wape joto, lakini hewa iingie. Maranda yawe makavu. Kifaranga akikosa hewa utamjua, anasogea mlangoni."

Nilimwambia naenda kuchota maji. Nilikwenda nyuma ya tangi nikakaa chini mpaka aliponiita.

Nyumba ya Mlandege haipo. Nilipita mwaka jana nikakuta fremu za maduka, na pale palipokuwa na ghala mtu ananyoa vijana na redio imefunguliwa juu. Ana dirisha kubwa la kioo. Mikaratusi ya barabarani imekatwa, jirani amehamia kwa mwanawe, kwaya siku hizi wana vyombo vya umeme na hakuna anayechambua maharage kwa mapigo yao. Migomba tu ndiyo iliyobaki, mitatu hivi, imenenepa kuliko zamani, na mimi najua kwa nini.

Bibi aliishi Mwanjelwa miaka kadhaa. Nilimtembelea mara ya mwisho nilipotoka Uyole, nikiwa nimebeba mayai na maneno niliyoyasikia bandani, sijui kama nitamwambia au nitanyamaza. Chumba chake kilikuwa kama baba mdogo alivyoahidi. Dirisha lilifungwa na kuzibwa gazeti pembezoni, mapazia mazito, jiko la mkaa kwenye kona, mablanketi matatu kitandani. Kitandani hakuwepo. Nilimkuta kwenye kizingiti cha mlango wa nje, kwenye kigoda, amejikunyata, upepo unampiga usoni. Kifua chake kilikuwa kinakoroma.

"Hasikii," mke wa baba mdogo aliniambia kwa uchovu wa upendo. "Tunamweka ndani kwenye joto, tukigeuka tu yuko hapo. Hata tukiweka gunia chini ya mlango, analitoa."

Nikamwamkia, akanishika mkono, akanitazama masikio kama nimeyaosha. Nikavuta kigoda nikakaa naye. Watu walipita na mizigo yao, manyunyu yakaanza. Maneno ya Uyole sikuyatoa. Nilidhani amesinzia.

"Mume wangu," akasema, "vile vifaranga vilikuwa vinakuja mlangoni, unakumbuka?"

"Nakumbuka, Bibi."

Akavuta pumzi, taratibu, shingo ameinyoosha kuelekea nje.

"Mimi nilidhani vinanitafuta mimi."